Tulivyoipamba Nyumba ya Bi Zuhra

Kijiwe chetu kiko Kibondo mjini, nyuma ya soko, kwenye baraza la nyumba ya Bi Zuhra. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Mkasi, na kama nina mdomo mchafu basi ni hawa wenzangu walionifundisha. Nyumba aliijenga babu yake Bi Zuhra, mzee Abdulrahmani, aliyekuja huku kutoka Ujiji na mizigo ya vitambaa. Sasa Bi Zuhra amebaki humo peke yake, anatuchemshia kahawa, na kaka yake Mansuri aliyehamia Mwanza amepata mteja wa kuibomoa ajenge gesti ya ghorofa. Dawa ilikuwa moja tu: afisa wa mambo ya kale aje, aione, aiandike kuwa nyumba ya kihistoria, maana ikishaandikwa hakuna wa kuigusa hata kwa nyundo. Afisa alisema atakuja Alhamisi. Alhamisi ikafika, na sisi tangu Jumatatu hatukuwa tumepumzika.

Injinia: Itazame, Mkasi. Itazame halafu useme kama huyo si bibi harusi.

Injinia ni Niyomwungere, fundi mwashi aliyejenga nusu ya vyoo vya mji huu. Na kweli alikuwa amefanya kazi. Amepiga plasta kuta zote, nyufa hazionekani, matofali ya zamani yamefunikwa. Chaji, yaani Shamsi mwenye kibanda cha kuchaji simu, kaleta rangi ya waridi na madirisha ya alumini. Mimi nikashona mapazia. Mlango ule mkubwa wa mninga tukaung'oa, tukaweka wa chuma, na kwa vile benchi letu lilikuwa limevunjika mguu, Injinia akauwekea mlango miguu, ukawa benchi. Upande wenye maua ya kuchonga aliugeuzia chini, usije ukatukwaruza makalio.

Mgeni akija unafagia uwanja, unavaa shati safi. Sisi ndivyo tulivyolelewa.

Redio: Afisa akifika mniachie mimi niongee. Nitaanzia wakati wa Mjerumani.

Huyo ni mzee Khamisi. Anaitwa Redio kwa sababu taarifa ya habari husikiliza nusu, nusu nyingine anaimalizia mwenyewe.

Injinia: Mjerumani gani? Mjerumani aliikuta nyumba hii imesimama.

Redio: Akafanyaje?

Injinia: Akabisha hodi.

Chaji: Kwa Kijerumani?

Injinia: Kwa mtutu wa bunduki. Ndiyo hodi yao.

Bi Zuhra: Jamani, babu alijenga baada ya vita ya Mjerumani na Mwingereza. Marehemu baba alinieleza vizuri kabisa.

Redio: Dada Zuhra, wewe tuletee kahawa. Historia ina wenyewe.

Mimi: Mwenyewe si huyo hapo anayekumiminia?

Redio: Huyo ni mwenye nyumba. Historia ni kitu kingine, Mkasi. Shona.

Chaji: Mimi nasikia chini kuna handaki. Linatokea Kasulu.

Injinia: Kasulu! Si bora wapande basi?

Redio: Kasulu linapita tu. Linatokea ziwani. Manowari ya Mjerumani ilikuwa inaingilia hukohuko.

Mimi: Manowari ipite chini ya sebule ya Bi Zuhra?

Redio: Ilikuwa inakunjwa.

Injinia: Acheni fiksi. Mimi nimechimba choo hapo uani, futi kumi na mbili. Nilikutana na chura tu.

Chaji: Huyo ndiye mlinzi wa handaki!

Tukacheka mpaka Injinia akapaliwa na kahawa. Redio yeye hakucheka. Aliinama, akashusha sauti, tukajua sasa mzee anafungua ghala.

Redio: Niwaambie siri. Kibondo ndiyo ilikuwa iwe makao makuu ya nchi. Ikulu ingekuwa hapa, barazani. Bwana mkubwa wa Kijerumani akaja kupima, akaingiwa na funza kwenye kidole gumba. Akasema, mimi sikai. Wakaondoka zao.

Mimi: Kwa hiyo funza mmoja ndiye aliyetunyima ikulu?

Redio: Mmoja? Walikuwa wawili!

Injinia: Na walitokea Kakonko. Wale watu, hata kabla ya kujitenga na wilaya yetu, walianza zamani kutaka mambo yao peke yao.

Bi Zuhra alikuwa amesimama na birika mkononi, hacheki. Alikuwa anautazama ukuta.

Bi Zuhra: Leo asubuhi nilitoka uani nikazunguka huku mbele. Mnajua nilifanya nini? Nilipiga hodi kwangu mwenyewe.

Chaji: Si kwa sababu imependeza, mama?

Bi Zuhra: Imependeza, baba. Mungu awalipe, mmejichosha kwa ajili yangu. Ila Mansuri kapiga simu, mteja anakuja Jumamosi. Mkasi, kweli ataiandika?

Mimi: Ataiandika, dada. Nani ataacha kuandika kitu kizuri hivi?

Nilisema kwa moyo wangu wote. Mungu anisamehe.

Bodaboda ikasimama. Akashuka binti mwembamba, begi mgongoni, faili kwapani. Akatupita, akaenda mpaka kona, akarudi. Akatazama karatasi yake, akatazama nyumba, akatazama nyumba ya jirani.

Binti: Shikamooni, wazee. Mimi naitwa Esteri, natoka mambo ya kale. Naulizia nyumba ya marehemu mzee Abdulrahmani.

Redio: Marahaba, binti yangu! Umefika. Ni hii.

Esteri: Hapana, mzee. Mimi natafuta ile ya zamani.

Injinia: Ego! Ndiyo, ni hii hii! Plasta nimepiga kwa mkono wangu. Saruji mifuko kumi na minne, sikuomba hata soda.

Esteri akatoa picha kwenye faili, akasema mwenzake aliipiga mwaka jana alipopita hapa. Tukaikusanyikia palepale benchini. Nyumba ndiyo hiyo, na nyufa zake zote, matofali yake, mbao za madirisha zimefunguliwa kama mtu anayepunga upepo. Nilijisikia kama nimeonyeshwa picha ya marehemu. Esteri akaugusa ukuta kwa kidole, kikatoka na rangi ya waridi. Laiti angefoka. Hakufoka.

Esteri: Madirisha yale ya mbao?

Chaji: Yamekuwa kuni.

Esteri: Wazee wangu, mimi naandika kilichopo. Nitaandikaje hii, ina vioo na plasta ya juzi? Nikipeleka hivi watanirudishia karatasi, na mwenye kutaka kubomoa atabomoa.

Bi Zuhra akajiziba mdomo kwa kanga. Nilijichukia, mimi na mapazia yangu.

Esteri: Na hasa kilichonileta ni mlango. Milango ya kuchongwa namna hii huku bara ni michache mno. Ungekuwepo huo tu, ningekuwa na pa kuanzia.

Akaweka kidole kwenye picha.

Esteri: Uko wapi?

Redio, mtu aliyekunja manowari, akachungulia kikombe chake. Injinia akatazama mbinguni. Chaji akawa anafuta simu isiyo na vumbi. Wanaume wanne tumeganda juu ya benchi, hakuna anayethubutu hata kusogeza paja, maana wa kwanza kusimama ndiye atakayeonekana mwizi.

Bi Zuhra akaweka birika chini.

Bi Zuhra: Inukeni.

Tukainuka. Injinia akataka kulipindua benchi, Esteri akapiga ukelele, asiliguse mtu. Akavua begi, akalala chali pale chini na nguo zake safi, akaingia chini ya benchi na tochi ya simu. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za Bi Zuhra.

Esteri: Maua yote yapo. Na pembeni kuna maandishi ya Kiarabu.

Bi Zuhra akapiga magoti, akainama, akapitisha mkono kule chini mpaka vidole vikayapata.

Bi Zuhra: Ni jina la babu. Baba alikuwa akinibeba ili nilipitishie kidole.

Akalia, na safari hii hakujiziba.

Esteri alipotoka, mgongo umejaa vumbi, aliandika akiwa amesimama: mlango wa asili upo, mzima. Akasema barua ya kuzuia kubomoa atamtumia Mansuri leo hii, na kwamba atarudi wiki ijayo kutuonyesha namna ya kuibandua plasta bila kuumiza matofali.

Injinia: Mifuko kumi na minne!

Esteri: Taratibu, fundi. Kwa mkono uleule.

Redio: Andika pia kwamba mimi ndiye niliyeulinda. Nimeukalia siku tatu mfululizo.

Akarudi nyuma, akashika magoti ashuke kukaa, kama alivyozoea.

Esteri: Hapana, mzee! Hicho sasa ni urithi. Hakikaliwi.

Bi Zuhra akatumiminia kahawa iliyobaki. Tukainywa tumesimama barazani, wazee wazima, miguu inauma, na sijawahi kusimama kwa raha kama siku ile.