Jibu la Tatu: Maisha ya Capitoline Nahimana, 1969–2014

Ndugu, majirani na marafiki mliofika leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2014, mimi ni Elisante, mume wa Capitoline, na kwa desturi kazi hii ya kusoma wasifu angepewa mtu mwingine wa ukoo, ila nimeomba niusome mwenyewe, kwa sababu yapo mambo ambayo msomaji mwingine angeyaruka kwa adabu.

Capitoline alizaliwa tarehe 3 Machi 1969 huko Rumonge, Burundi, akiwa mtoto wa pili wa mzee Bertrand na mama Clémentine, akavushwa kwenda Kigoma mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, akasoma hukohuko shule ya msingi na ya sekondari, kisha chuo cha uuguzi Tabora, alikohitimu tarehe 27 Novemba 1992, na akafanya kazi katika zahanati moja ya Ujiji kwa miaka kumi. Tulifunga ndoa Kigoma mjini tarehe 9 Desemba 1995, tukajaliwa watoto wawili, Élysée, aliyezaliwa mwaka 1997, na Kelly, aliyezaliwa hapa Johannesburg mwaka 2004, ambaye anaelewa kila neno ninalosoma ingawa mkimuuliza atawajibu kwa Kizulu.

Tulihamia hapa mwaka 2003, nilipopata kazi ya kufundisha kemia. Cheti cha Capitoline kiliungua Mei 2008, nyumba tuliyopanga ilipochomwa na watu waliokuwa wakitusalimia kwa majina, na bila cheti hakuna ofisi iliyokubali kumwandikisha kuwa muuguzi, kwa hiyo akaweka meza ya vitabu vilivyotumika pale Newtown, akauza alivyoweza na kusoma vilivyobaki. Alichopenda zaidi ni habari za matabibu wa kale, wa Misri na wa Uyunani, na wengi wenu mlisimama kwenye meza yake mkamsikiliza akieleza kwamba tabibu wa Misri, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, alimpima mgonjwa kwanza, kisha akawa na majibu matatu tu, kwamba ugonjwa huu atautibu, kwamba atapambana nao, au kwamba hana dawa yake. Capitoline alisema jibu la tatu ndilo lililomfanya mtu yule kuwa tabibu.

Mwaka 2010 alifika mezani hapo Bwana Firmin, anayejiita Profesa ingawa hakuna chuo kilichowahi kumwona, mwenye chumba cha dawa Marshalltown, akamwomba amwandikie kwa Kiswahili karatasi ya kugawa barabarani juu ya matabibu wa kale. Capitoline aliiandika kwa uaminifu, yakiwemo majibu yote matatu, na Bwana Firmin akaichapa yakiwa mawili. Alipoulizwa la tatu liko wapi, alicheka, akasema, "Mama Élysée, nani atapanda teksi kutoka Soweto aje kuambiwa hapana?"

Tarehe 14 Agosti 2011 Capitoline aligundua uvimbe katika titi la kushoto. Alikwenda kliniki mara mbili, na mara mbili karani, bila kuinua uso, alimwambia, "Mama, permit yako ya kuishi nchini imeisha, rudi ukipata nyingine," na kuipata kulichukua miezi kumi na mmoja. Bwana Firmin hakudai permit. Mke wangu alikuwa muuguzi, alijua uvimbe mgumu wa kifua ni nini, na alijua tabibu wa kale aliupa jibu gani, lakini alikuwa na hofu, kama ambavyo yeyote kati yetu angekuwa nayo, akamuuliza mtu huyu ugonjwa wake unaangukia jibu lipi, naye, bila kumgusa, bila kumpima, akasema, "La kwanza, mama, siku ishirini na moja tu."

Siku hizo ishirini na moja zilikuwa miezi minane. Chupa ya dawa yake ilikaa jikoni kwangu muda wote huo, mimi mwalimu wa kemia, na sikuifungua, kwa sababu kila alipokunywa alikuwa na raha kidogo, nami niliogopa kuiondoa raha hiyo, na woga huo nauita kwa jina lake mbele yenu. Nilipoipima baadaye nilikuta chai ya roibosi, shubiri na rangi ya keki. Matabibu wa kale walikosea mengi, walipaka kinyesi cha wanyama, lakini walikosea wakitafuta, na kumwita Bwana Firmin mrithi wao ni kuwatukana wafu wasioweza kujitetea.

Alipokelewa hospitali tarehe 17 Julai 2012, akafanyiwa upasuaji na tiba iliyofuata, na akafariki nyumbani Jumatatu iliyopita, tarehe 9 Juni 2014, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Sasa nifike kwenye shukrani. Shemeji yangu Valentin, mwenyekiti wa kamati, ameniomba nimtaje Bwana Firmin, aliyetoa hema na viti, akaniambia, "Shemeji, kuwa muungwana, watu wamekalia viti vyake." Najua pia kwamba jina lake likisomwa hapa, Jumatatu litakuwa tangazo, na kwamba wapo kati yenu wenye karatasi yake mkobani. Basi namshukuru kwa viti. Ni vizima, na ni kitu cha kwanza kutoka kwake kilichofanya kazi kilichoahidiwa. Nyuma ya ratiba mliyoshika tumechapa maneno ya Capitoline kama alivyoyaandika, yakiwemo majibu yote matatu, mwende nayo nyumbani.

Nawashukuru majirani waliopika wiki nzima, walimu wenzangu, wauzaji wa Newtown walioilinda meza yake, na wauguzi wa wodi. Mwisho namshukuru Daktari Nomsa Khubeka, ambaye tarehe 20 Februari mwaka huu alimpima kwa mikono yake, akavuta kiti, akamwambia kwamba ugonjwa umefika ini na hana tena dawa ya kuuondoa, ila maumivu atayatuliza, na akayatuliza. Tulipotoka nilikuwa nalia. Capitoline alinishika mkono, akasema, "Baba Élysée, hatimaye nimeonana na tabibu."

Lala salama, mke wangu. Uliambiwa ukweli, nasi tumeusoma.