Kitufe Kilichong'ang'ania Makontena

Kwenye baraza ya Fondo muuza kahawa, hapa Mji wa Kale, kila mtu ni fundi wa kila kitu, na ndiyo sababu napapenda. Jana alasiri mgonjwa alikuwa programu ya Fahmi. Kijana ameiandika kwa ajili ya ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini: dirisha moja la makontena, la pili la malori. Ukibofya kontena kwa kipanya, unachagua hilo peke yake. Ukibofya huku umeshika kitufe cha Kontroo kwenye kibodi, unaongeza jingine. Mwenye ofisi, Bi Zilpah, alikuwa njiani kuja kuijaribu. Akiridhika, Fahmi anapata kazi yake ya kwanza. Na programu ilikuwa imeshikwa na wazimu.

— Tazameni, alisema Fahmi, laptopu mapajani. Sijashika Kontroo. Nabofya moja, la mwanzo halitoki. Nabofya jingine, nalo laingia. Yote yapanda lori moja.

— Maskini dereva, alisema Wekesa, mwendesha winchi wa Kilindini, ambaye sote twamwita Winchi. Hiyo ni chumvi, bwana. Hewa ya bahari imeingia chini ya kitufe, kimeganda.

— Hakijaganda. Kwenye programu nyingine chafanya kazi sawasawa.

Mzee Abdulghafur, mshona kanzu, akakohoa. Huyo ndiye Jaji wetu, hasemi kabla ya kukohoa.

— Kipanya hicho umekitoa wapi?

— Kwa rafiki yangu wa mtaa wa Buxton, ami. Alikuwa akikitumia yeye.

— Basi kingali chamtii yeye. Sasa hivi huko Buxton yuwachezesha kidole, na makontena yako yaitikia.

Fondo alicheka hadi akamwaga kahawa.

— Mwakionea kipanya bure. Haya madirisha ni wake wenza. Umeshika Kontroo kwa mke mkubwa, ukaenda kuiachia kwa mdogo. Wadhani mkubwa ataambiwa?

Fahmi akainua uso.

— Hebu rudia.

— Nafanya mzaha, mwanangu.

Jaji hakukubali kupitwa.

— Hata kwangu hutokea. Shemeji yangu aingia mlango wa mbele, kisha atokea uani bila kuaga. Mke wangu, Bi Mwanakuu, yuko sebuleni na sinia la mahamri, yuwamngoja. Nasi hatuli, eti mgeni yungali ndani.

— Ndiyo hiyo, alisema Fahmi. Nashika Kontroo kwenye makontena, naruka kwenye malori, naiachia huko. Dirisha la kwanza halikupata habari. Ladhani bado nimeshika.

— Basi kila ukirudi liulize upya, alisema Winchi. Umeshika, hujashika?

Fahmi akainamia laptopu. Akaandika swali hilo ndani ya programu, huku Fondo akitujazia vikombe. Kisha kijana akashika Kontroo, akaruka, akaiachia, akarudi, akabofya. Kontena moja. Lile moja tu. Nilifurahi kama aliyepona ni mwanangu wa kuzaa.

Bi Zilpah akatufikia wakati huohuo, simu kwenye sikio la kushoto, dereva akimlalamikia kutoka getini. Akatuamkia wote kwa adabu, akakaa, akachukua kipanya bila kuikata simu. Alibofya hapa, akabofya pale.

— Nimeipenda, alisema. Jumatatu uje ofisini, kazi ni yako.

Winchi alimkumbatia Fahmi. Jaji alimshukuru Mungu kwa sauti.

— Sasa nataka makontena mawili kwa pamoja, alisema Bi Zilpah.

— Shika Kontroo kwa mkono wa kushoto, mama, kisha ubofye.

Bi Zilpah aliutazama mkono wake wa kushoto, ulioshika simu. Dereva bado alikuwa akilalamika ndani yake.

— Na simu niishike na nini?

Fahmi akaitazama kibodi. Akamgeukia Jaji, Jaji akamgeukia Winchi, na Winchi akaanza kuvikagua vidole vyake kimojakimoja.