Barua Inayotakiwa Kujibiwa Kabla ya Saa Kumi

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, mbele ya meza ya Baba, fundi simu. Wakili hukaa upande wa tofali kwa kuwa ni mwepesi. Sheria hakuisomea, alikuwa karani wa mahakama. Breki ni dereva wa lori aliyestaafu, na tunamwita hivyo kwa sababu akianza kusema hana. Shangazi, dada yake Baba, ndiye mwenye birika la kahawa. Siku hiyo nilikuwa na barua kwenye simu: nimepata nafasi ya utafiti wa shahada ya uzamivu ng'ambo, miaka minne, kila kitu kimelipiwa. Jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi kamili. Nilikuwa nimeisoma mara kumi na moja bila kujibu, maana Baba, ambaye macho yameanza kumchokea, alikuwa hajasema neno.

— Miaka minne unasoma nini hasa? — aliuliza Breki.

— Utando wa vitu vinavyotengenezewa chipu. Umeme unapita ukitaka upite, unazuiwa ukitaka uzuiwe.

— Kama mlinzi wa geti.

— Utando mwembamba kiasi gani? — akauliza Wakili.

— Chukua unene wa unywele, ugawe kama mara elfu themanini. Hiyo ni nanomita moja. Utando una nanomita tano hivi.

— Unywele wa nani? Wa Breki, au wa mtu mwenye nywele?

Breki akavuta kofia yake chini.

— Cheka tu. Mtu akulipie nauli, chumba na chakula, ukatazame kitu kisichoonekana? Hapo pana jambo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Watamlimisha.

— Watamlimisha nini, nano? — Wakili akashusha kikombe. — Wanachotaka ni mchanga. Chipu asili yake mchanga. Wakishamzoea, watamuuliza wetu uko wapi. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

— Mchanga umejaa mtaroni hapo — alisema Shangazi. — Waje na ndoo.

— Nyie hamjaelewa — Breki akasimama. — Kitu kidogo hivyo kinaingia kwa pua! Atarudi chipu imo kichwani. Ukimpigia, analia yeye badala ya simu. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!

— Mwana ni wa kaka yangu, na kaka yangu ana mdomo. Kaka, sema basi.

Baba alizidi kuinamia simu ya mtu.

— Kahawa yangu inapoa — alisema, lakini hakuinywa.

Nilitazama saa. Tisa na robo.

Hapo akafika mama mmoja aliyevaa aproni ya ushonaji, mteja asiyekaa benchini kwetu, akaweka simu mezani. Baba akaifungua, akagusisha ncha za mita ya kupimia umeme hapa na pale, mara mbili akakosea mahali.

— Chipu ya kuchaji imekufa, mama. Nitaweka nyingine.

— Hata ile ya mwezi wa pili ulisema imekufa. Kwani zinakufa kwa nini?

— Joto — alisema Wakili.

— Joto linafanya nini humo ndani? — aliuliza yule mama, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia.

Wakili akakohoa. Breki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatafuta pa kutazama.

— Mama, nisikudanganye — alisema Baba. — Miaka ishirini na sita natoa iliyokufa, naweka nzima. Hiyo kwa nini sijawahi kuifikia.

Akanigeukia.

— Na wewe, unajua?

— Sehemu tu, Baba. Utando unachoka kwa joto. Unaanzia wapi kuchoka, sijui.

— Huko ulikoitwa wanajua?

— Hawajajua. Ndiyo kazi wanayoniitia.

— Na macho yangu je, nani atayasaidia? — akauliza kwa sauti ndogo.

Nikaishusha simu yangu mapajani. Shangazi akamwaga kahawa yake iliyopoa, akamjazia ya moto.

Baba akapachika pasi ya kuchomea waya kwenye kishikio chake, akasogeza vifaa kwa kiwiko hadi meza ikapata nafasi ya mtu kuandika.

— Mama, nivumilie kidogo — alisema. — Binti yangu anajibu barua.