Theluthi ya Binti wa Weris

Njooni karibu na kitanda, wanangu, na wewe Shuaib, mwana wa ndugu yangu, keti hapo penye mwanga na kalamu yako, kwa maana adhuhuri imekwisha pita na sidhani kama asiri itanikuta na ulimi. Abdinoor, wewe mkubwa, kaa kichwani kwangu. Liban, kaa miguuni, na hiyo simu iweke mfukoni. Kinsi, mama, usisimame mlangoni kama mgeni. Keti mahali nitakapouona uso wako, ingawa ninayotaka kuyasema ni rahisi zaidi kuyasema nikiwa nimefumba macho.

Nyote mlisoma madrasa, mnajua kwamba mtu akifa watoto wake hurithi kwa mafungu aliyoyakata Mungu mwenyewe, na hakuna baba anayeruhusiwa kumwongezea mrithi wake hata mbuzi mmoja kwa wosia. Theluthi tu ya mali ndiyo iliyoachwa mkononi mwa mtu ampe asiyemrithi: rafiki, msikiti, yatima. Basi andika, Shuaib. Kiwanja changu cha Galbet na vyumba vyake vitatu vya mabati, na ng'ombe kumi katika hao walioko Sangailu, jumla yake haipiti theluthi, nampa Kinsi.

Umeacha kuandika. Nilijua utaacha. "Adeer, ami yangu, lakini Kinsi ni binti yako, ana fungu lake." Naam, umeelewa kabla ya hawa wengine, na ndiyo sababu nilikuita wewe na si mtu mwingine. Mwandikie theluthi, kwa kuwa fungu hana. Sababu usiiandike. Sababu itakaa vichwani mwenu, maana karatasi ina miguu na hakuna ajuaye itaingia ofisi gani.

Liban, kaa chini. Nimesema kaa chini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimefika hapo.

Sikilizeni. Ule mwaka wa ukame, miaka kumi na mitano sasa, nyinyi wavulana mlikuwa Buna kwa mjomba wenu mkisoma, na mlikuwa mmemwacha dada yenu bado ananyonya. Sisi tulikuwa tukihama na mifugo nyuma ya Sangailu, na huko homa ikamshika Kinsi, akafa ndani ya siku mbili. Alikuwa na miaka minne. Nilimswalia mimi, nikamchimbia mimi, na mama yenu Abshiro, Mungu amrehemu, aliokota mawe akayapanga. Hakuna mwingine aliyeona. Watu walikuwa wametawanyika wakitafuta maji, na mimi sikwenda kwa chifu kusema kwamba mtoto amekufa. Cheti chake cha kuzaliwa kilibaki kwenye lile sanduku la bati.

Kinsi mnayemwona hapa ni mwingine.

Mwezi mmoja baada ya maziko nilirudi mjini, na ndipo msako ulipoanza. Walikusanywa watu wasio na vitambulisho, wakaingizwa kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge, na sisi wazee tukaitwa tuketi kwenye benchi kando ya meza ya maafisa, ili kila mtu akiletwa tuseme huyu ni wetu au huyu si wetu. Aliyekuwa wetu alikwenda nyumbani kwake. Asiyekuwa wetu alipanda lori la kwenda mpakani. Afisa aliyeuliza alikuwa kijana wa watu, midomo imempasuka kwa joto letu. Aliamuru wanawake wahamishwe kivulini kabla hajaanza kazi. Sina neno baya la kumsemea. Yeye aliuliza swali tu. Sisi ndio tuliokuwa na majibu.

Akaletwa Weris. Weris alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya mpaka, mwenye alama ya moto kidevuni, mumewe alipotelea vitani huko kwao, na alikuwa amepanga chumba changu cha Galbet, kile cha kuelekea barabarani, kwa miaka mitatu. Aliuza maziwa ya ngamia. Kila asubuhi alinipimia kikombe kimoja kabla ya wateja wake wote, na hakutaka malipo.

Afisa akaniuliza, "Mzee Korane, huyu unamjua?"

Juzi yake mzee mwenzetu mmoja alikuwa amemtetea mpangaji wake, na yeye mwenyewe akalala mahabusu kwa siku tatu. Na jina lako, Abdinoor, lilikuwa kwenye faili juu ya meza ile ile, likisubiri kitambulisho. Siyasemi haya kuwa udhuru. Nayasema ili mjue kwamba hofu haiji na pembe na mkia. Huja na sura ya mtoto wako.

Nikasema, "Simjui."

Weris akanitazama, akacheka kidogo. Akasema mbele ya watu wote, "Adeer Korane, asubuhi hii umekunywa maziwa yangu. Yako bado kwenye masharubu yako."

Watu walicheka. Bare, aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu, alicheka mpaka akakohoa. Nami nikainua mkono nikayafuta masharubu. Hilo ndilo jibu nililompa.

Kisha afisa akamwuliza, "Mama, una mtoto?" Na mtoto alikuwepo. Alikuwa amejipenyeza chini ya benchi letu, katikati ya miguu ya wazee, ameshika pindo la kikoi changu. Weris aliiona ile mikono midogo. Akayainua macho yake polepole kutoka kwenye pindo mpaka usoni mwangu, akayaacha hapo, akasema, "Sina. Sijazaa."

Mtoto hakulia. Lori liliwaka, likazunguka, likatoka, na mkono ule uliendelea kunishika bila kuvuta, kama mwiba ulionasa kwenye nguo. Hata leo, nikiketi kwenye benchi lolote, nauhisi.

Nilimpeleka kwa Abshiro kule malishoni. Nikamwuliza jina, akasema, "Ramlo." Nikamwambia, "Jina lako ni Kinsi binti Korane." Akasema, "Ramlo." Nilimwambia hivyo mara tatu, na mara ya tatu nilitumia fimbo. Mungu anisamehe ile fimbo kabla ya dhambi nyingine zote. Tulikaa naye porini mpaka watu wa mjini walipoisahau sura yake, na nyinyi mliporudi kutoka Buna mkakuta msichana anakimbia uani, mkamwita dada. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu imekwenda miaka kumi na mitano, na kila hatua nilisikia mtu wa pili akitembea nyuma yangu.

Jina nililompa lilikuwa la mtu, wanangu. Halikuwa nguo iliyoachwa kambani. Mama yenu hakulitamka hata siku moja. Alimwita "wewe mtoto" mpaka akafa. Mwalimu wake wa darasa la kwanza, bwana mmoja wa Kitui, alinijia sokoni akasema, "Mzee, mimi si mtu wa kuamini mambo, lakini nikiita Kinsi kwenye rejista, wanafunzi wote wanageuka kutazama mlangoni. Hawamtazami yeye." Nilimwambia watoto wana michezo. Aliniangalia, akanunua vitunguu vyake, akaomba uhamisho muhula uliofuata.

Alipokuwa na miaka saba nilikwenda naye Sangailu kuhesabu ng'ombe. Ilikuwa saa sita, jua limesimama, kivuli cha mtu kiko chini ya nyayo zake. Mawe ya lile kaburi mifugo ilikuwa imekwisha yatawanya, hata mimi nilikuwa nikipatafuta kwa macho, na huyu mtoto akatoka kwenye ng'ombe, akaenda moja kwa moja, akavua ndara zake, akazipanga mbili sambamba, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu. Nikamwuliza anafanya nini. "Amesema nivue." Nani? "Mwenyewe. Anauliza nitamrudishia lini." Nikamwuliza umrudishie nini, na alinitazama vile mtoto anavyomtazama mtu mzima anayejifanya hajui. Sikumwuliza tena. Na yule mwingine hakukua, Shuaib. Kaburini ana miaka minne. Serikalini alitimiza kumi na minane mwaka jana, akapewa kitambulisho.

Na kila mwaka, siku ile ile ya lori, paliwekwa langoni chombo cha maziwa, kile cha kusukwa kwa mizizi, kidogo, cha kutosha mtoto, kimefukizwa moshi ndani kama alivyofukiza Weris, na kitupu. Niliwauliza madereva wa barabara ya Liboi, ile ya mpakani, wakaapa hawakubeba kitu. Mwaka mmoja niliketi langoni tangu alfajiri nikikodoa macho. Jua lilipopanda niliinamisha kichwa kuitafuta tasbihi iliyoniponyoka, na nilipoinua, kilikuwa mbele ya magoti yangu, bado kina joto. Vipo stoo, nyuma ya magunia, kumi na vinne. Mwaka huu hakikuja. Siku nane baadaye niliugua.

Sasa mtasema, mbona hakuna aliyejua? Alijua mtu mmoja. Mnajua miaka hii yote sikusalimiana na Bare ila msikitini, kwa kicheko kile, na mnajua mdomo wake. Hata ndevu za Bare husengenya. Lakini mwaka jana, Kinsi aliposimama mbele ya jopo la vitambulisho akawahesabu mababu zangu kumi na wawili bila kukwama, afisa aligeuka kwa wazee akauliza, na wa kwanza kujibu alikuwa Bare. "Huyu ni wetu," akasema, "nimemwona tangu akiwa chini ya benchi." Afisa aliandika tu. Huyo mtu alikuwa amekaa na neno moja miaka kumi na minne bila kulitema, naye hawezi kukaa na bei ya mbuzi hadi jioni. Nikifa, yeye ndiye atakayeniosha. Nimekwisha mpelekea salamu, na amejibu kwamba maji atayapasha moto kwa kuwa nimezoea kudekezwa.

Liban, nakuona. Unakitazama kiwanja moyoni mwako. Sema. "Damu nzito kuliko maji, baba." Ni kweli. Lakini nyoka alipokuuma kule Sangailu, aliyekufunga mguu kwa ushungi wake na kukimbia kichwa wazi hadi barabarani kutafuta gari si damu, ni huyu. Ukienda kwa chifu kesho ukasema si wetu, hutahitaji shahidi. Watamchukua kabla ya chai, na utabaki na vyumba vitatu vya mabati. Usilale katika kile cha barabarani. Mimi nilijaribu.

Na siwezi kukaa kimya ili kumkinga, kwa sababu kunyamaza kwangu nako kunamla. Kesho akiposwa, walii wake ni nani? Mimi sina haki ya kumwoza, wala wewe Abdinoor huna. Na ana mama.

Kinsi. Mbona hulii? Umesema nini? Sauti yako haifiki. Abdinoor, amesema nini?

"Nilikuwa najua."

Ulikuwa unajua. Miaka yote hii. Na mbona... ngoja, mwache aseme mwenyewe.

Subhanallah. Mmesikia? Anasema alimsikia mama yake akisema sina, sijazaa, na akadhani amemkataa. Ndiyo maana hakuuliza. Alikuwa amekaa kwetu kama mtu asiye na pa kurudi.

Njoo. Njoo hapa, sogeza sikio. Mama yako hakukukataa. Mimi ndiye niliyekataa mtu siku ile. Yeye alidanganya ili ubaki, kwa kuwa njia ile ya lori aliijua na alijua inavyowafanya watoto, na aliponitazama alikuwa akinikabidhi. Hakuniomba. Alinikabidhi tu, mimi niliyekuwa nimetoka kumkana, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nilipaswa kukwambia ulipokuwa na miaka saba. Nilikuwa naogopa kwamba utaondoka, na ukiondoka nitabaki na yule mwingine peke yangu.

Usinisamehe kwa sababu ninakufa. Kufa si kazi kubwa. Ukisamehe, samehe siku utakayotaka.

Unakwenda wapi? Mwacheni. Liban, ondoka mlangoni, mpishe. Madereva wanasema ng'ambo ya Liboi, Dhobley, kuna mwanamke anauza maziwa, ana alama ya moto kidevuni. Huenda ni yeye. Huenda ni mwingine... huenda ni kaburi. Aende akaone.

Abdinoor, nipe nguvu, niinue kidogo. Hivyo. Chukua kitambulisho, umpe abebe, vizuizi ni vingi. Barabarani aitwe Kinsi. Ndani ya nyumba hii, na mbele ya Mungu, ni Ramlo, na atakayemwita vinginevyo mezani kwangu hana radhi yangu. Wewe nenda naye, usimtangulie. Lile jina jingine... nizikeni Sangailu, karibu na yale mawe, na imamu alitaje pale kwa sauti, Kinsi binti Korane, miaka minne, marehemu. Amesubiri sana. Yuko hapa, mdogo vile vile, ameegemea godoro. Hana hasira. Amechoka tu kusimama.

Shuaib, soma ulichoandika... hapana. Nakuamini. Tia sahihi, na Liban naye atie. Liban. Mkono wako. Ahsante, mwanangu.

Mungu awaongoze. Awape mvua kwa wakati. Awape... wageni, na moyo wa kuwapokea. Ramlo, binti wa Weris, Mungu akufikishe.

Nini hii? Maji? Midomo yangu... hapana, mimi siendi mbali. Mtilieni yeye kwenye dumu. Jua bado kali, na huko njiani... hakuna...

La ilaha...