Sikio la Betri la Papa Kayitare

Ndugu wenye kuomboleza, Padri, na nyinyi wa nyuma wenye kunong'ona, munyamaze, familia imechagua kinywa chenye kusoma vizuri kupita vyote hapa Burungu, hata kama kilikimbia masomo mwaka wa tatu.

Baba yetu mudogo, Kayitare Séraphin, alizaliwa Kibabi mwaka 1902, akasoma miaka mbili kwa katekista, akachunga ng'ombe na kuuza maziwa mpaka Kalembe, na tarehe 9 Februari 1926 akamuoa Mama Nyiramahoro, wakazaa watoto watano, wa mwisho njo Vénantie, huyu mwenye kulia pale.

Mwaka 1947 homa kali ilimufunga masikio, na kwa mufugaji hilo ni pigo kubwa, kwani ng'ombe wetu hukamuliwa kwa wimbo wa pole pole, naye, asiyejisikia tena, aliimba kwa makelele mpaka ng'ombe wakakatalia maziwa, watu wakamucheka, wa kwanza ukiwa wewe, Papa Kanyamibwa, jirani wake.

Lakini Juni 1954 daktari mumoja alimupa aparey ya kusikia, kasanduku ka kuvaa kifuani na waya mpaka sikioni, na kati ya Masisi na Walikale hatujaona mwingine aliyeivaa, hata chefu mwenye kutawala eneo letu hakuwa nayo! Siku ya kwanza alisikia maziwa yakigonga ndani ya chombo, akalia machozi, kisha akamugeukia Kanyamibwa aliyekuwa anamusema kwa mugongo: "Endelea tu, kaka, leo nasikia yote."

Betri zilitoka mbali, na mwaka 1957 ilibaki moja tu, akaitunza miezi mitatu ndani ya kimya, ili tarehe 4 Mei asikie kanisani Vénantie akiitikia ndoa yake. Asubuhi ile, ng'ombe wa pekee wa mujane Libérata alishindwa kuzaa, wazee wakasema ndama amekufa, mama achinjwe angalau nyama isipotee. Kayitare, koti la arusi mwilini, akabandika kasanduku kwenye tumbo la ng'ombe, akasikiliza sana, watu wakimuambia, "Papa, unamaliza betri!", mpaka akapiga kelele: "Iko muzima! Moyo unapiga!" Wakamuvuta ndama, akasimama, betri ikafa.

Kanisani hakusikia neno. Vénantie, alipoulizwa na padri, alimuita kwanza baba yake kwa mukono, akaweka vidole vya baba kwenye koo lake mwenyewe, njo akasema, "Ndiyo, nakubali," na Papa akacheka mbele ya watu wote: "Imefika, mwanangu."

Betri hazikuja tena, na hakujuta hata siku moja.

Kichomi kilimushika mwanzo wa Machi 1959, akafariki tarehe 21 nyumbani kwake. Tunashukuru daktari na waganga wa dispansere, majirani, wachunga ng'ombe na wauza maziwa wenzake, na wewe, Papa Kanyamibwa, uliyemubeba kwa kipoyi, kile kitanda cha mabegani, kutwa nzima mpaka dispansere bila kumusema, jambo ambalo hatukulitegemea kwako.

Baba mudogo, ulifanya kazi ya kutosha, sasa upumzike na amani.