Bendera Nyekundu Juu ya Bamia

Kijiwe cha Abdurahman pale Waa ni gogo la mnazi na birika la kahawa, mkabala na shamba la bamia za kupelekwa Ulaya. Asubuhi hiyo bendera nyekundu ilikuwa bado inapepea shambani: dawa imepigwa, mtu asiingie mpaka ishushwe. Na wanawake wamo ndani, wameinama, wanachuma. Mmoja wao ni Mbodze, mkewe Kaingu, mja mzito. Kaingu alishika kikombe asinywe. Roho yake ilikuwa juu juu.

— Labda wamesahau kuishusha, alisema.

— Hawakusahau, akajibu Mzee Amin, aitwaye Wakili kwa kutetea kila kitu. Bamia haingoji. Ikilala siku moja imekomaa, Mzungu haitaki. Na mkeo kazi aliitaka mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga!

— Anaoga dawa, mzee wangu, si maji.

— Tulia, bro, akasema Jethro, askari wa hoteli huko Galu, mtu wa bara. Kijiwe kilimpa jina Daktari tangu siku aliyosoma karatasi ya panadoli mpaka mwisho. Hiyo dawa ni ya mdudu, akaendelea. Mdudu ana kilo ngapi? Mbodze ana kilo ngapi? Piga hesabu.

— Na aliye tumboni ana kilo ngapi?

Abdurahman akaongeza kahawa.

— Dawa ya jana imeshapanda juu na umande, alisema. Ndiyo maana mvua ya siku hizi haina ladha.

— Tena ni kama chanjo, Jethro akadakia. Huyo mtoto akizaliwa, hata mbu hatamgusa!

— Naam, akasema Wakili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wakacheka. Kaingu hakucheka. Jana Mbodze alitapika mpaka akaishiwa nguvu, na leso yake ilinuka dawa. Lakini msimamizi alikwisha kusema: mwanamke atakayefuatwa langoni na mumewe, aondoke naye moja kwa moja, asirudi tena kazini. Na nyumba nzima ilikula kwa mikono ya Mbodze.

Purity, msichana mgeni aliyekuwa akingoja gari la kazini, aliwageukia.

— Shikamooni. Samahani, wazee wangu. Nyinyi mngeingia humo shambani?

Abdurahman alifuta kikombe kilichokuwa safi. Daktari akatazama simu yake. Wakili akainamia kahawa yake.

Kaingu alikuwa ameshavuka barabara, analiita jina la mkewe hata kabla hajafika langoni.