Watiifu wa Mama Mwanahamisi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Mwanahamisi Nasoro, mtunzi wa tenzi wa hapa Baraka. Alitutoka Jumanne, kwa ugonjwa, kitandani mwake.

Mliosoma kwake mnalijua neno lake: watiifu. Vitabuni ni neno la sifa. Ni watoto wanaosikia la wazazi, ni waja wanaomtii Mungu. Washairi wetu wanalitia kwenye kila arusi mpaka linachosha, nisameheni. Kwa Mama Mwanahamisi, watiifu walikuwa waliozama. Msikieni:

Watiifu wa ziwani,
waliitika jioni,
sahani zao mezani
zingali zawangojea.

Neno hilo lilitoka kwao, Ubwari. Yeye na mdogo wake Husna walilelewa hivi: mama akiita, unaitika hapohapo, unakimbia. Jioni moja Husna alikuwa anaosha sahani ziwani. Sauti ya mama yao ikamwita kutoka majini. Iliita mara moja tu. Husna akajibu, "Labeka!", akaingia. Mama yao, wasikilizaji, alikuwa jikoni anasonga ugali. Husna hakuonekana tena.

Tangu siku ile, nyumbani kwao mtu anaitwa mara mbili. Narudia, mara mbili. Wito wa kwanza haujibiwi. Iddy, mwana wa Mama Mwanahamisi, aliniambia: "Mama alikuwa anatupiga tukiitika mbio. Bajirani banasema, batoto ba huyu mama habana adabu. Ye anacheka tu."

Jana nilienda matangani. Nilimkuta Yasmina, mjukuu aliyemuuguza, amelipa ziwa mgongo.

"Asubui ya leo bibi aliniita toka ku maji," alisema. "Iko sauti yake kabisa, na kikohozi chake. Mi nilisimama, mudomo ulishafunguka. Nikangoja aite tena."

"Akaita tena?"

"Hapana. Mara moja tu, ikanyamaza. Na mi niko na hamu naye sana."



Familia ya Nasoro, poleni sana. Mungu ampokee mama yetu. Nanyi wenye watoto, hebu fikirini mnawafundisha kumtii nani.

Yasmina, mwanangu, najua redio ya matangani imewashwa hapo uani. Bibi yako hakuwahi kukuita mara moja tu, hata siku moja. Mimi nakuita kama alivyokuita yeye. Yasmina. Yasmina. Kaa ndani.